Kumuuguza Kijana Baada ya Ajali Mbaya: Mwongozo Kamili kwa Familia

Daktari akishasema hatari imepita, ndugu waliokuwa wakijazana wodini huanza kurudi kwenye shughuli zao. Kumbe kazi ndefu ndiyo kwanza inaanza. Mfupa wa paja uliovunjika huweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kuunga. Ubongo ulioumia vibaya huendelea kupona kwa miaka.

Mgonjwa wa miaka 13 hadi 19 ana jambo lake ambalo mtoto mdogo na mtu mzima hawana. Alikuwa ndiyo ameanza kujitegemea: anafunga mlango wa chumba chake, anachagua marafiki, ana siri zake. Ajali imemrudisha kwenye kulishwa, kuogeshwa na kusemewa. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini kuna mambo mawili yanayokwenda pamoja: kumhudumia vizuri, na kumrudishia mambo yake moja baada ya jingine kadiri anavyoweza kuyashika. Familia nyingi hufanya la kwanza kwa moyo wote na kulisahau la pili.

Hatua ya 1: Jifunzeni kabla hajaruhusiwa

Msingoje siku yenyewe ya kuruhusiwa. Siku hiyo kila mtu ana haraka, gari linasubiri, na maelezo huingia sikio hili yakatokea lile. Siku mbili tatu kabla, mwombeni muuguzi awaonyeshe kwa vitendo kila mtakachokifanya nyumbani, kisha mfanye wenyewe mbele yake: kumgeuza kitandani, kumhamishia kwenye kiti, kusafisha kidonda, kumwaga mfuko wa mkojo kama amewekewa mpira. Wafundishwe watu wawili au zaidi. Akijua mmoja tu, huyo hana ruhusa ya kuugua, kusafiri wala kulala.

Ulizeni haya, na majibu yaandikwe kwenye daftari moja litakalokwenda naye kila kliniki:

- Ameumia nini hasa, na amefanyiwa nini? Kama amewekwa vyuma, vitabaki au vitatolewa?
- Mguu au mkono ulioumia unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani, na kuanzia lini?
- Kila dawa ni ya nini, inaanza lini, inaisha lini, na haitakiwi kuchanganywa na nini?
- Nyuzi au plasta ngumu inayoshika mfupa zitatolewa lini?
- Tukiona tatizo usiku wa manane, tumpigie nani?

Swali la pili ndilo husahaulika, na ndilo lenye gharama. "Asikanyagie kabisa", "aguse tu chini" na "akanyagie anavyoweza" ni maagizo matatu tofauti. Mkiyachanganya, mnaweza kuharibu kazi ya mpasuaji, au mkamlaza kitandani wiki ambazo angekuwa ameshaanza kutembea.

Kuna tabia moja ya kuiacha hapo hapo wodini. Daktari anapita asubuhi, anamuuliza kijana, "Umelalaje?" Mama anadakia, "Amelala vizuri tu daktari, ila alfajiri mguu ulimsumbua kidogo." Kijana anageukia ukutani. Kesho yake anaulizwa, anamwangalia mama kwanza. Keshokutwa hajibu kabisa. Mama amesema kweli, na amesema kwa upendo, lakini mguu unaouma si wake. Jizoezeni kunyamaza mpaka kijana amalize, hata kama anachelewa kupata maneno, kisha mwongeze lililobaki. Mwombeni daktari pia dakika chache za kuwa naye peke yake. Kuna mambo hatayasema mbele ya baba.

Hatua ya 2: Andaeni nyumba

Atalala chumba kisicho na ngazi, karibu na choo. Watu wengi huhamishia kitanda sebuleni ili asijisikie mpweke, na matokeo yake kila mgeni anayepita anamkuta amelala na shuka. Kama hakuna nafasi nyingine, wekeni pazia na mmwachie yeye uamuzi wa lini lifunguliwe.

Kitanda kiwe cha urefu ambao akikaa ukingoni nyayo zinagusa sakafu. Ondoeni mikeka na mazulia madogo yanayoteleza, nyaya zinazokatiza njia, na maji sakafuni. Bafuni wekeni kiti imara kisichoteleza. Usiku kuwe na taa ndogo kati ya kitanda na choo, na kengele au simu ya kumwita mtu karibu na mkono wake.

Hatua ya 3: Zijueni dalili za kurudi hospitali mara moja

Orodha hii ibandikwe ukutani, ili hata shangazi aliyekuja kukaa naye saa mbili aione.

- Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, usingizi mzito asioamshika kirahisi, kuchanganyikiwa, degedege, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, au maji yasiyo na rangi yanayotoka puani au sikioni.
- Kupumua kwa shida ghafla, kifua kinachouma akivuta pumzi, au kukohoa damu. Huenda damu iliyoganda mguuni imefika mapafuni. Wakati mwingine, ingawa si siku zote, hutanguliwa na shavu la mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto.
- Vidole vya mguu au mkono wenye plasta kuwa baridi, kufa ganzi au kubadilika rangi, na maumivu makali yanayozidi hata baada ya dawa, hasa vidole vikinyooshwa. Hili halingoji kupambazuke: msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache.
- Homa, au kidonda kinachotoa usaha, harufu mbaya, au wekundu unaosambaa.
- Ganzi au udhaifu mpya wa miguu, au kushindwa kukojoa.

Kama uti wa mgongo umeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua, kuna jambo ambalo hata wahudumu wengine hawalijui. Kichwa kikianza kumpasua ghafla, uso ukatoka jasho na kuwa wekundu, shinikizo la damu linaweza kuwa limeruka juu kwa hatari. Mkalisheni wima, mlegeze nguo na mikanda, mwangalie kama mpira wa mkojo umejikunja au kuziba, na mwite msaada wa dharura. Waulizeni madaktari wake juu ya hali hii kabla ya kuondoka wodini.

Hatua ya 4: Maumivu na dawa

Ukimuuliza kijana anaumwa kiasi gani atakujibu "niko poa", hasa kama kuna mgeni. Swali linalozaa jibu ni la matendo: jana uliweza kukaa mpaka sinema iishe, leo vipi? Usiku uliamka mara ngapi?

Siku za mwanzo dawa za maumivu hufanya kazi vizuri zikinywewa kwa saa kama zilivyoandikwa, kuliko kungoja maumivu yapande ndipo mkimbizane nayo. Mwulizeni daktari kama dozi moja inaweza kupangwa muda mfupi kabla ya mazoezi. Angalieni pia dawa za mafua na homa mnazonunua wenyewe: nyingi zina paracetamol ndani, na mtoto anaweza kupewa dozi mara mbili bila mtu kujua. Paracetamol ikizidi huharibu ini.

Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huleta usingizi na kufunga choo. Ulizeni mapema kuhusu dawa ya kulainisha choo. Siku nne bila haja kubwa ni mateso ambayo kijana ataona aibu kuyataja. Dawa hizi zifungiwe, mtu mzima azitoe na kuzihesabu, na zinazobaki zirudishwe kwenye duka la dawa. Sababu ni kwamba kijana mwenye maumivu, huzuni na kopo la vidonge vikali kando ya kitanda ana vitu vitatu visivyofaa kukaa pamoja. Dawa nyingine, kama antibiotiki na vitamini, mwachieni aandike mwenyewe kwenye chati na kuwakumbusha ninyi.

Hatua ya 5: Mwili unavyorudi

Ngozi kwanza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa 2, mchana na usiku, isipokuwa mmepewa ratiba nyingine. Aliye kwenye kiti cha magurudumu apunguze uzito kwenye makalio kila dakika 15 hadi 30, kwa kujiinua au kuinamia upande. Kagueni kila siku visigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo na kisogo. Vitabu husema tafuteni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pimeni kwa mkono: sehemu yenye joto kuliko jirani yake, ngumu, laini kupita kiasi, au iliyokoza rangi. Hapo pasilaliwe tena mpaka papoe. Kidonda cha mgandamizo huota kwa siku moja na kupona kwa miezi.

Plasta isilowe, na isichokonolewe kwa kijiti, rula wala kijiko, hata iwashe vipi. Mkwaruzo mdogo humo ndani hugeuka kidonda msichokiona. Siku za mwanzo kiungo kiinuliwe juu ya usawa wa moyo ili uvimbe upungue, na vidole vichezeshwe mara kwa mara.

Magongo huonekana rahisi, na hapo ndipo watu huumia tena. Yapimwe akiwa amesimama na viatu: pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na gongo, na kishikio kiwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikunjike kidogo. Uzito wa mwili ubebwe na viganja. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na baada ya muda mkono hufa ganzi. Kwenye ngazi kanuni ni moja: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Msaidizi akae chini yake siku zote, yaani nyuma yake akipanda na mbele yake akishuka. Majaribio ya kwanza yafanyike na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, si na kaka mwenye nguvu na haraka.

Juu ya mazoezi yenyewe nina msimamo. Mafupi ya mara nne kwa siku hushinda saa nzima ya kulia na kugombana. Maumivu yanayopoa muda mfupi baada ya mazoezi ni ya kawaida. Yanayomwamsha usiku, au yanayomwachia uvimbe kesho yake, yanasema mmezidisha, na mtaalamu aambiwe. Kijana achague mwenyewe saa, muziki, na zoezi la kuanza nalo, na aandike hatua alizotembea au sekunde alizosimama. Takwimu zake mwenyewe humsukuma kuliko mjomba anayepiga makofi. Kuna wiki ambazo namba hazitapanda kabisa, na hapo ndipo wengi huacha. Mwambieni mapema kuwa wiki hizo zinakuja.

Chakula kiwe na protini ya kutosha kila mlo, pamoja na kalsiamu na vitamini D. Na kama anavuta sigara, ongeeni bila kelele: nikotini huchelewesha mfupa kuunga. Hata za kielektroniki nyingi zina nikotini.

Hatua ya 6: Aibu ya mwili

Hili huandikwa kidogo, na ndilo humkondesha kijana kimyakimya. Mwulizeni yeye nani amuogeshe na nani amsaidie chooni. Msichana anaweza kumkataa mama na kumtaka dada, heshimuni. Afunikwe sehemu msizozisafisha wakati huo, na akiweza kujisafisha sehemu za siri kwa mkono mmoja, apewe kitambaa na mgeuke. Bisheni hodi, hata kama mlango hauna kitasa.

Picha zake akiwa na bandeji zisitumwe kwenye makundi ya simu ya ukoo bila ridhaa yake. Ataziona siku moja.

Hatua ya 7: Kichwa kikiwa kimeumia

Mtikisiko wa ubongo bila kuvuja damu hupona ndani ya mwezi mmoja kwa vijana wengi. Siku 1 hadi 2 za kwanza apumzike na apunguze sana simu na televisheni. Baada ya hapo kumfungia chumba chenye giza kwa wiki nzima humchelewesha. Arudi kwenye shughuli nyepesi polepole, akipunguza dalili zikizidi. Shule hurudi kabla ya michezo, na michezo yenye kugongana hurudi mwisho kabisa, kwa idhini ya daktari. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ni hatari.

Jeraha kubwa la ubongo ni habari nyingine. Kijana anaweza kutembea na kuongea vizuri, watu wakasema amepona, kumbe hawezi kukumbuka maagizo matatu mfululizo, anafoka kwa jambo dogo, na saa tisa mchana amechoka kama aliyelima. Ubongo wa namna hii ni kama betri ya simu iliyochakaa: asubuhi inaonyesha imejaa, na kufikia mchana imezima bila onyo. Pangeni mambo magumu asubuhi, mpeni agizo moja kwa wakati mmoja, mweke kalenda anayoiona, na mpunguze kelele. Akifoka, msibishane, ondokeni dakika kumi, kisha mrudi na sauti ya kawaida. Tofauti kati ya ukaidi na jeraha haionekani kila mara, lakini kama tabia haikuwepo kabla ya ajali, anzeni kwa kudhani ni jeraha.

Hatua ya 8: Moyo wake

Wiki za kwanza ndoto mbaya, kushtuka kwa honi, kutotaka kupanda gari na kulia bila sababu ni majibu ya kawaida ya mtu aliyeona kifo. Yakipita mwezi mmoja bila kupungua, au yakimzuia kulala, kula na kuonana na watu, inawezekana ni msongo wa baada ya kiwewe. Una tiba: ushauri nasaha maalumu unaomwongoza kulikabili tukio hatua kwa hatua. Ombeni rufaa.

Msimlazimishe kusimulia ajali kila mgeni anapokuja. Anayetaka kusimulia asikilizwe, hata ikiwa mara ya kumi. Vijana wengi huongea mkiwa mnafanya kitu kingine, mkiwa kwenye gari au mkimenya vitu jikoni, bila kuangaliana usoni.

Kuna kijana aliyekuwa anaendesha yeye, au aliyenusurika wakati rafiki yake amekufa. Kumwambia "si kosa lako" pale ambapo anajua sehemu yake haimfariji. Humfanya aone hamwezi kuubeba ukweli wake. Kumlaumu nako humzamisha. Mwambieni mnajua kilichotokea, na kwamba mko naye hapo hapo. Msiba wa rafiki asifichwe. Ataupata kwenye simu yake, usiku, peke yake.

Akisema heri angekufa, au akianza kugawa vitu vyake, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni dawa na vitu vya hatari, na mtafute msaada siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Wengine ndani ya nyumba

Mdogo wake aliyeanza kukojoa kitandani au kushuka shuleni anaumwa pia, kwa njia yake. Baadhi ya watoto huamini wao ndio walisababisha ajali kwa kugombana naye asubuhi ile. Waelezeni kwa maneno mepesi kilichotokea na kitakachofuata, na mtengeeni kila mmoja muda wake, hata dakika ishirini kwa siku. Wasigeuzwe wauguzi.

Walezi wapangiane zamu za usiku kwa kuandika. Ndugu wakiuliza "tusaidieje?", wapewe kazi yenye saa: Jumanne kliniki, Alhamisi kufua. Wanaojibu "tutaonana" tu, msiwategemee.

Hatua ya 10: Shule

Nendeni shuleni kabla yeye hajarudi, mkiwa na barua ya daktari. Ombeni vitu vinavyotajika: nusu siku kwa wiki za mwanzo, darasa la chini, muda wa ziada kwenye mitihani, sehemu ya kupumzika, ruhusa ya kwenda chooni bila kuomba mbele ya darasa. Mwachieni yeye kuamua nini wanafunzi wenzake waambiwe. Jibu fupi alilojiandalia, kama "niligongwa, naendelea vizuri", humwokoa kwenye maswali ya korido.

Hatua ya 11: Karatasi

Tunzeni ripoti ya polisi, fomu za matibabu, picha za eksirei, risiti zote na picha za majeraha zenye tarehe. Msisaini makubaliano ya fidia wakati bado hamjui ataishia na ulemavu wa kiasi gani. Mwoneni mwanasheria kwanza. Muda wa kufungua madai una ukomo, ulizeni mapema.

Hatua ya 12: Mwaka wa kwanza na kuendelea

Wageni wakishakoma, huduma zikishapungua na picha za mifupa zikiwa safi, kijana huanza kuona yasiyorudi: timu iliyoendelea bila yeye, mguu uliopungua urefu, kovu. Huzuni ya wakati huu hushangaza familia kwa sababu "mbona amepona". Irudieni hatua ya 8 bila kusita. Tarehe ya ajali ikikaribia, mwulizeni anataka siku hiyo iweje.

Mfupa ulioumia kwenye sehemu ya ukuaji, karibu na kiungo, hufuatiliwa mpaka aache kurefuka, hata kama hana maumivu, kwa sababu kiungo kinaweza kupinda au kubaki kifupi. Na kwa aliyeumia ubongo, sehemu ya mbele inayohusika na kupanga na kujizuia huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo kasoro inaweza kujitokeza miaka baadaye, masomo yanapokuwa magumu. Akianza kushindwa kidato cha juu kazi alizotarajiwa kuziweza, msikimbilie kusema mvivu. Rudini kwa daktari na lile daftari, mwombe apimwe kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri, na ripoti ipelekwe shuleni.